Marehemu Randiga Arudi Kinyumenyume

Tulipoachana, Dola alikuwa amesimama juu ya gunia la pamba, mikono kichwani, na ule ukelele wa msiba ambao Wajaluo huuita nduru umeshamtoka kinywani. Tumwache avute pumzi kwanza, maana kuna waliokosa gazeti la wiki jana.

Ilikuwa Katito, siku ya soko, saa za mchana. Sinema ya Serikali ilionyeshwa ndani ya ghala la pamba, madirisha yamezibwa kwa magunia ili kuwe giza, na shuka nyeupe imetundikwa ukutani kwa misumari ya mabati. Juu ya shuka hiyo watu wa Katito walimwona Randiga, mvuvi wa Dunga, mtoto wa Dola, akiugua tauni, akikata roho, akizikwa. Kando ya shuka alisimama Yahya, kijana wa Kisumu mwenye tarbushi nyekundu, akisema kwa bomba la bati yale ambayo picha haiwezi kuyasema yenyewe.

"Huyu ni Randiga wa Dunga. Chifu aliwaambia watu wa Dunga wahame ufuoni, kwa sababu ya panya na tauni. Randiga alisimama barazani akakataa. Tazameni mwisho wake."

Watu walitazama mwisho wake. Dola akapiga nduru, na ghala zima likamfuata.

Aliyenyamaza ni mmoja tu, Apondi, mke wa huyo huyo maiti. Apondi hakulia kwa sababu asubuhi ya siku hiyo alikuwa amemwacha mumewe Dunga, ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, anashona wavu na kulalamika kwamba uji umekuwa mwepesi.

"Mama," alimwambia mkwewe, akimshika kiuno asianguke. "Randiga hajafa. Ni mchezo ule. Bwana wa kamera alikuja Dunga akamwomba alale chini."

"Nyar Seme, una macho?" Dola alimwita hivyo, binti wa Seme, tangu siku alipoolewa, na hakuwa na haja ya kujua jina lingine.

"Ninayo, Mama."

"Umemwona akitiwa shimoni au hukumwona?"

"Nimemwona."

"Basi lia."

Apondi akageuka kutafuta mtu mwenye akili zake, akamwona mzee Abuya. Huyu ni ndugu wa marehemu baba yake Randiga, na neno lake ndilo la mwisho katika ukoo. Ana sauti ndogo sana, hata watu hulazimika kunyamaza ili waisikie. Walinyamaza.

"Shimo lile lilichimbwa kweli?" Abuya aliuliza.

"Lilichimbwa, mzee. Kwa majembe."

"Na Randiga akalala ndani."

"Akalala ndani ya mkeka. Halafu akatoka. Alikuwa na mchanga masikioni."

"Alipotoka, shimo mliliacha wazi?"

Hapo ndipo Apondi alipoona mzee anakokwenda.

Shimo la kaburi likishachimbwa haliachwi wazi. Litadai mtu. Kila mtu wa pale ziwani analijua jambo hilo, na Apondi alilijua kuliko bwana wa kamera, ambaye alitaka kufunga virago vyake na kwenda kunywa chai. Basi siku ile ya kupiga picha, miezi kadhaa nyuma, Apondi mwenyewe alitembea mpaka kwenye mti wa yago, akachuma tunda moja nene, refu kama mkono wa mwanamume kutoka kiwikoni, akalifunga ndani ya mkeka ule ule, na likafukiwa, bwana naye akapata picha ya udongo ukimwagwa. Yago ndilo huzikwa mtu anapozama ziwani na mwili usionekane. Linakaa mahali pake. Kaburi likishapewa yago linatulia, halimdai mwingine.

"Tulizika yago, mzee."

"Nani alilichuma?"

"Mimi."

"Mlilizika kwa nduru?"

"Kuna wanawake wawili walipiga. Ndogo tu."

"Nduru haina ndogo," alisema Abuya, akavua kofia yake. "Sinema mimi siijui, ni mambo ya Wazungu. Yago nalijua. Randiga amezikwa."

Ghala lilikubali kwa kupiga nduru nyingine.

"Na huyu mke wake," Abuya aliendelea, ilipopungua, "amekaa miezi hii yote na nywele zake kichwani kama mtu asiye na msiba. Ni aibu yetu sote. Kesho sinema itakuwa Pap Onditi, na ukoo wote utakuwa nyumbani. Sinema ikiisha, wanawake watamnyoa."

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mambo yote yalipo. Mwanamke akishanyolewa kwa ajili ya mumewe, mume huyo amekwisha. Hata akija mwenyewe, mzima, na samaki mkononi, hawezi tena kuingia nyumbani mwake akaitwa mume. Atakuwa kivuli. Na mke hupewa ndugu wa marehemu. Ndugu aliyekuwepo ni Ogwari, mdogo wake Randiga, mtu mpole mwenye mke mmoja anayemtosha kabisa na kumzidi.

Ogwari aliposikia, alianza kulia kuliko wote.

Wakati huo bwana wa kamera, ambaye jina lake ni Hollis, alikuwa amepanda juu ya sanduku ili aone vizuri. Alikuwa Mwingereza mrefu, mwenye soksi zinazofika magotini na adabu nzuri. Alimwinamia Yahya akamnong'oneza. Yahya akainua bomba lake la bati, akalishusha, akainua tena.

"Bwana anasema asanteni sana. Anasema hajawahi kuona watu wakilia vizuri namna hii. Anaomba mama yule atoke nje alie tena, kwa sababu humu ndani hamna mwanga wa kutosha kamera."

Dola alitoka nje, akalia tena. Alilia kwa sababu mwanawe alikuwa amekufa nje pia.

Bwana Hollis alizungusha mkono wa kamera, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Na kulikuwa na mwingine aliyeridhika. Kwenye kiti cha mbele, peke yake, alibaki Chifu wa Dunga. Huyu alifuatana na sinema kila ilikokwenda, kwa kuwa naye yumo ndani yake. Mwanzo wa picha anaonekana akifika ufuoni kwa lori pamoja na askari wake, anatembea kuelekea nyumba za wavuvi, ananyoosha fimbo. Alikuwa ameshajiona mara nyingi na hakuchoka. Kipande cha ufuo alichokitaka zaidi kilikuwa cha Randiga, na sasa alikuwa amesikia kwa masikio yake kwamba kipande hicho hakina mwenyewe.

*

Asubuhi, nyumbani kwa Dola huko Pap Onditi, wembe ulikuwa umeshanolewa. Uliwekwa juu ya kibao kando ya bakuli la maji, na shangazi mmoja mnene alikuwa ameketi karibu nao, akiulinda kana kwamba kuna kuku wangeula.

Apondi alikuwa anamenya viazi vitamu. Ogwari akaja, akasimama mbali kidogo.

"Shemeji," alisema, akitazama viazi. "Mke wangu anasema nikuambie kwamba hana neno na wewe."

"Asante."

"Anasema pia ukija nyumbani mwake atakumwagia maji ya moto."

"Mwambie nimesikia."

"Shemeji, huwezi kukumbuka vizuri? Labda halikuwa yago. Labda lilikuwa boga."

"Lilikuwa yago, Ogwari."

Ogwari aliguna, akaenda kukaa nyuma ya zizi.

Ndipo ikasikika lori barabarani. Lilikuwa la Gurmit Singh, fundi wa mashine ya sinema, aliyekuwa ametumwa Kisumu kuchukua petroli. Lilisimama mbele ya lango, na juu ya mapipa ya petroli, ameshika kapu la samaki, alikuwa ameketi marehemu.

Gurmit alikuwa amepita Dunga kununua ngege, samaki wa ziwa lile, kama kawaida yake, akamkuta Randiga na wavu wake. Akamwambia, "Randiga, wewe umekufa, mama yako analia Katito. Panda." Randiga akapanda. Alikuwa mtu asiyependa maswali mengi kabla ya safari.

Aliruka chini, akajipangusa vumbi, akatembea kuelekea langoni. Shangazi wa wembe akajifunika uso kwa leso. Watoto wakakimbilia jikoni. Na mama yake mzazi, Dola, alitoka kibandani, akamtazama kutoka kichwani mpaka miguuni, akasema kwa upole:

"Usiingie, mwanangu. Umeshazikwa."

"Mama, nimeleta ngege."

"Naona. Waweke hapo chini."

Mzee Abuya alikuja na kigoda chake, akakiweka ndani ya lango, akaketi. Randiga alichuchumaa nje ya lango. Kati yao palikuwa na nafasi ya mbuzi kupita.

"Baba mdogo," alisema Randiga, "mimi si niko hapa? Nishike mkono."

"Sikatai kwamba uko hapo," alisema Abuya. "Hata mimi nakuona. Lakini yago liko ardhini kwa jina lako, na mama yako amekulilia mbele ya soko zima. Wewe ukiingia hivi, mtu mwingine wa nyumba hii atatoka. Unataka atoke nani?"

Randiga alitazama waliokuwa ndani, mmoja mmoja.

"Basi kaa hapo," alisema Abuya. "Wajukuu watakuletea kivuli."

Walimletea tawi.

Apondi alizunguka nyuma ya boma, akamwita mumewe kwa mluzi wao wa ziwani. Walionana kupitia ua wa ojuok, ule mti wa utomvu mweupe unaochoma macho, hivyo wote wawili walichungulia kwa uangalifu.

"Umekula?" Apondi aliuliza.

"Nani wa kunipa? Ogwari nimemwomba maji akakimbia."

Apondi alimpitishia viazi vilivyofungwa kwenye jani la mgomba. Randiga alikula kimoja chote.

"Nilikwambia usilale shimoni," Apondi alisema.

"Uliniambia nisichafue shati."

"Nilisema yote mawili."

"Bwana alisema ni picha ya kufundisha watu mambo ya panya. Alinifunga ndimu kwapani ionekane kama mtoki wa tauni. Alisema, 'Watakaoona wataokoka.' Sasa ningekataa watu wasiokoke?" Alitafuna. "Hakusema atataja jina langu. Hakusema atataja baraza. Barazani nilizungumza habari ya ufuo, panya hata hatukuwataja."

"Wataninyoa leo, Randiga. Sinema ikiisha tu."

Randiga alikigeuza kiazi mkononi.

"Na Ogwari anasemaje?"

"Anasema labda lilikuwa boga."

Randiga alicheka kidogo, halafu uso wake ukaharibika, akageukia upande wa barabara. Apondi hakuwa amewahi kumwona akilia tangu wafahamiane. Alijifuta mikono kwenye leso yake, akatoka kwa njia ya nyuma kwenda sokoni kumtafuta mtu mwenye bomba la bati.

*

Sinema ya Pap Onditi ilikuwa ionyeshwe katika stoo ya Jayantilal, mwenye duka la nguo na chumvi, aliyeitoa bure kwa sharti kwamba watu wasiegemee magunia yake. Yahya alikuwa ndani, anatundika shuka.

"Kaka Yahya," alisema Apondi. "Wewe ulikuwepo Dunga. Ulimshika mkono mume wangu akitoka shimoni."

"Nilimshika, dada."

"Basi leo sema hivyo."

Yahya aliteremka kwenye ngazi taratibu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mama yake wa kulisha huko Kaloleni, Kisumu, na ile tarbushi ilikuwa ya kazi.

"Maneno si yangu. Bwana ananifundisha, mimi nayashika kichwani. Nikiyabadilisha, wiki ijayo ataletwa mwingine mwenye mdomo."

Bwana Hollis alikuwa mlangoni, anafuta kioo cha kamera kwa kitambaa cha manjano. Alijua Kiswahili cha kutosha kusikia kinachosemwa.

"Mama," alisema, "mimi si mtu wa uongo. Mimi napiga picha ya kitu kilicho mbele yangu tu. Shimo lilikuwa kweli. Udongo ulikuwa kweli. Jana mama mzee alilia kweli kweli."

"Na mume wangu, bwana?"

Bwana Hollis alifikiri. Alikuwa mtu wa haki, alitaka kujibu vizuri.

"Katika picha, amekufa. Picha ikisema hakufa, nani atatega panya?" Akamvulia kofia, akatoka nje kutafuta mahali pa kuwapiga picha wafiwa watakapokuja.

"Ni kweli anachosema," Yahya alisema, bwana alipokwisha kwenda. "Anapiga vilivyo mbele yake. Kuviweka mbele yake ndiyo kazi yetu sisi."

Kutoka nyuma ya mashine, mtu alipiga chafya. Gurmit Singh alikuwa amepiga magoti na kopo la mafuta, kilemba chake kimefunikwa kwa gazeti kisichafuke.

"Mimi nimeleta mtu hai kwa lori langu," alisema bila kumtazama mtu. "Nikirudi Kisumu mke wangu atauliza, ngege wa kesho wako wapi? Nitasema nini? Mwenye ngege ni maiti? Jana naye nilimwona anatoka shimoni."

"Ulimwona wapi?" Apondi aliuliza.

"Hapa hapa kwenye mashine. Sinema ikiisha lazima niirudishe mwanzo. Jana nikasahau kuzima taa. Udongo wote ukaruka juu, mume wako akatoka, akaanza kutema uji kwenye bakuli. Nimecheka mpaka tumbo likauma."

Apondi hakucheka. Alisogea mpaka mbele ya ile mashine, akaitazama kama anavyotazama samaki kabla ya kukubali kumnunua.

"Leo," alisema, "usahau tena."

Gurmit aliweka chini kopo la mafuta.

"Bwana atanifukuza."

"Utamwambia mashine imeharibika."

"Mashine yangu haiharibiki," alisema Gurmit, akionekana kuumia. Kisha akafikiri. "Gia inaweza kukwama. Gia ni jambo la Mungu."

Apondi alimgeukia Yahya, ambaye tayari alikuwa anatikisa kichwa.

"Sikuombi useme uongo, kaka. Wala sikuombi useme ukweli. Unachokiona kwenye shuka, kiseme. Basi."

Yahya alipanda ngazi tena, akanyoosha shuka mahali ambapo haikuwa na mkunjo.

*

Stoo ilijaa. Ukoo mzima ulikuja, kwa kuwa maiti akiwa anaonekana ni vibaya kutokwenda kumwona. Chifu wa Dunga alikaa mbele. Dola alikaa na mzee Abuya. Shangazi alikuja na wembe wake kwenye bakuli, asije akapoteza muda. Randiga mwenyewe alikuwa nje ya dirisha, ameweka jicho kwenye tundu la gunia. Hakuwa amepata nafasi ya kuiona hiyo picha.

Injini ilinguruma, taa ikawaka. Lori la Chifu likafika ufuoni. Chifu akashuka, akatembea, akanyoosha fimbo. Chifu wa kwenye kiti alijiweka sawa. Randiga akanywa uji, akaugua, akakata roho, akabebwa, akafukiwa. Yahya alisema maneno yote kama alivyofundishwa, hadi "tazameni mwisho wake". Watu walilia kwa mara ya pili, kwa utulivu zaidi, kama watu waliokwisha kuzoea. Shangazi akachovya wembe majini.

Ndipo mashine ikatoa sauti kama mtu anayesafisha koo, na picha ikasimama. Halafu ikaanza kwenda.

Udongo ulitikisika juu ya kaburi. Ukanyanyuka. Ukaruka hewani, bonge kwa bonge, majembe yakaupokea na kuuweka kando.

Vichwa vyote viligeuka kumtazama Yahya, kwa maana picha haina mdomo, mdomo wake ni yeye. Yahya alisimama na bomba lake la bati limening'inia. Alimtazama Chifu. Akamtazama Dola. Akaliinua bomba.

"Udongo unatoka shimoni," alisema.

Sauti yake ilikuwa nyembamba. Alikohoa.

"Shimo limebaki tupu. Mkeka unapanda juu. Wamempokea. Wanamrudisha nyumbani. Mkeka unafunguliwa." Akalishika bomba kwa mikono miwili. "Randiga amefumbua macho. Anarudisha uji kwenye bakuli. Ameketi. Amesimama."

"Simamisha," alisema mzee Abuya, kwa ile sauti yake ndogo, na hata mashine ikamsikia. "Rudia pale mkeka unapotoka."

Gurmit alirudia. Mkeka ukaingia, ukatoka.

"Tena."

Ukaingia, ukatoka.

"Nyar Seme. Ndani ya mkeka ule, udongo ulipomwagwa, kulikuwa na yago au mtu?"

"Yago, mzee. Udongo wote ulimwagiwa yago."

"Basi yago limetoka," alisema Abuya. "Sote tumeona. Aliyemzika kwa mashine amemfukua kwa mashine. Shangazi, mwaga maji hayo."

Shangazi aliyamwaga, ingawa si kwa furaha. Ogwari alikumbatia gunia la chumvi la Jayantilal kwa dakika nzima na hakuna aliyemkataza.

Lakini Gurmit hakuwa amezima taa, na sinema ilikuwa bado ina mwanzo wake. Chifu wa Dunga akaonekana amenyoosha fimbo kwenye nyumba za wavuvi. Fimbo ikashuka. Chifu akaanza kurudi nyuma, hatua kwa hatua, askari wake wote wakirudi nyuma pamoja naye, wakiziacha nyumba, wakiuacha ufuo, mpaka wakapanda lori kwa matako, na lori likatokomea kinyumenyume vichakani.

"Chifu anawaachia watu wa Dunga ufuo wao," alisema Yahya, kwa kuwa ndicho alichokuwa anakiona.

Kicheko kilianzia dirishani, nje, kwa mtu ambaye asubuhi alikuwa maiti. Kikaingia ndani. Dola alicheka mpaka akashika mbavu. Bwana Hollis alikuja mbio kutoka nje na kamera yake begani.

"Gurmit, hii nini?"

"Gia, sahib."

Chifu alisimama, akavaa kofia yake, akatoka kwa mlango, mbele mbele.

*

Mzee Abuya alikuwa ametoa hukumu yake na hakutaka kuiacha na tundu. Randiga alitoka shimoni kinyumenyume, alisema, na nyumbani ataingia hivyo hivyo, la sivyo ardhi itachanganyikiwa.

Basi Randiga aliingia langoni kwa mgongo, kapu la samaki mkononi, Apondi akimwelekeza kutoka nyuma: kulia kidogo, jiwe hilo, inua mguu. Ukoo ulisimama pande mbili. Bwana Hollis, ambaye hakujua kinachoendelea ila alijua kwamba mwanga ni mzuri, alizungusha mkono wa kamera mwanzo mpaka mwisho.

Randiga alipofika mbele ya kibanda cha mama yake, aligeuka. Dola alimtemea mate ya baraka kifuani, akamshika mashavu.

"Umekonda," alisema.

"Mama, si tulionana mwezi uliopita?"

"Ulikuwa hujafa. Ingia ndani ule."

Aliingia. Apondi aliwapara wale ngege mwenyewe, akawachemsha na nyanya na kitunguu, akasonga ugali wa wimbi mpaka mwiko ukasimama. Alimwekea mumewe kichwa cha samaki, anachokipenda, akaketi kumtazama akila. Hakutaka kitu kingine siku hiyo.

Yahya ndiye aliyekuja kuwaharibia. Alikuja bila tarbushi.

"Bwana amefurahi sana na picha ya langoni," alimwambia Apondi pembeni. "Ameshazungumza na Chifu. Maneno ya picha hiyo yameshapatikana. 'Randiga wa Dunga alikubali kosa lake, sasa anauacha ufuo kwa hiari na kurudi kwa mama yake.' Dada, ile picha ni nzuri mno. Kila mtu ataamini."

"Na wewe utasema hivyo?"

"Mimi sina kazi tena. Watamtafuta mwingine. Lakini wanataka kipande kimoja zaidi: Randiga akisimama kando ya Chifu, wanashikana mikono. Askari anakuja kumchukua. Yuko nyuma yangu."

Alikuwa nyuma yake kweli. Alisimama uani, kabuti lake limefungwa vifungo vyote, na nyuma yake bwana Hollis alikuwa anatandaza miguu mitatu ya kamera.

"Randiga yuko?" aliuliza askari.

Kabla Apondi hajafungua kinywa, Dola alijitokeza jikoni, anajifuta mikono kwenye nguo yake.

"Randiga gani?"

"Mtoto wako, mama. Wa Dunga."

"Huyo alikufa," alisema Dola. "Serikali imetuonyesha Katito. Soko zima lilikuwepo, hata huyu bwana alinipiga picha nikilia. Wewe hukuona?"

Askari alimtazama bwana Hollis. Bwana Hollis alitazama kamera yake.

"Mama," askari alisema taratibu, kama mtu aliyefundishwa majibu yote mawili. "Chifu amesema, Randiga akiwa hai, aje apigwe picha. Akiwa amekufa, ufuo wake hauna mwenyewe. Watu wa kupima ardhi wako Dunga tayari, wananingoja nipeleke jibu. Nimwambie Chifu lipi?"

Uani hapakuwa na sauti ila mkono wa kamera, uliokuwa umeanza kuzunguka.

Ndani ya kibanda, mtu aliweka bakuli chini. Apondi aliisikia miguu ya mumewe ikija juu ya sakafu ya udongo. Alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa mlango, akakaza visigino chini, na mlango ukaanza kusukumwa kutoka ndani.